Kuzuiwa na Kuvunjika: Vimeng'enya vya Mimea na Hali za Kikemia

Majani yachumwayo siku moja katika shamba moja la chai, liwe la Kericho au la Mufindi, yaweza kutoa chai nyeusi na yaweza kutoa chai ya kijani, na tafauti baina ya hizo mbili haitokani na mche wala na udongo, bali na saa ambayo jani limekutanishwa na moto. Jani likipigwa mvuke mara tu baada ya kuchumwa, kimeng'enya kilichokuwa tayari kuligeuza rangi na ladha huangamia kabla ya kuanza kazi. Ilhali likinyaushwa, likasagwa, likaachwa katika hewa kwa kiasi cha saa moja au zaidi kabla ya kukaushwa, kimeng'enya kilekile huitimiza kazi yake kwanza, na kuangamia kwake baada ya hapo hakuna hasara. Moto ni ule ule na kimeng'enya ni kile kile, wala hakuna kilichobadilika isipokuwa utaratibu wa mambo, lakini matokeo yametengana kiasi cha kuuzwa kwa majina mawili.

Mfano huo wafaa kuwa mlango wa kuingilia katika swali pana zaidi, nalo ni hili: asidi na alikali, madini, chumvi, oksijeni na maji huathiri vipi umbo na utendaji wa vimeng'enya vya mimea? Aghalabu jibu hutolewa kwa maneno mafupi, kwamba kila kimeng'enya kina hali kinayoipenda, na nje ya hali hiyo hufa. Maneno hayo si ya uongo, walakini ni pungufu, kwa sababu yanachanganya mambo mawili ambayo maumbile yameyatenga: kuna kimeng'enya kilichozuiwa, ambacho hali ikirejea nacho hurejea kazini, na kuna kimeng'enya kilichovunjika, ambacho hakina marejeo. Aidha, maneno hayo hayasemi lolote juu ya wakati, yaani kama kizuizi kimekuja kabla ya kazi au baada yake. Madai ya uchambuzi huu ni kwamba asiyetenganisha kuzuiwa na kuvunjika, wala hakuupima wakati wa kila kimoja, hataelewa chai, wala togwa, wala muhogo, wala hata jani linavyojitawala lenyewe mchana na usiku.

Sehemu kubwa ya ilimu ya vimeng'enya imechotwa katika mimea. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitoa katika kimea cha shayiri kitu cheupe kilichogeuza wanga kuwa sukari, wakakiita diastasi. Mwaka 1909 Søren Sørensen, akichunguza vimeng'enya katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, aliona kwamba hawezi kusema kitu cha uhakika juu yavyo bila ya kuwa na mizani ya asidi iliyo sahihi, akaweka kipimo cha pH ambacho leo hutumiwa na kila mkemia na kila bwana shamba. Basi mizani hiyo ya asidi, ambayo wengi huidhani kuwa mali ya kemia tupu, ilitokana na haja ya kuvielewa vimeng'enya. Na mwaka 1926 James Sumner, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alitoa fuwele za kimeng'enya kiitwacho yureasi katika unga wa maharage ya upanga, akathibitisha kuwa kitu hicho ni protini, jambo ambalo wakubwa wa zama zake walilikataa kwa miaka kadhaa, hata alipopewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1946.

Kuthibitika huko kuwa kimeng'enya ni protini ndiko kulikofungua siri ya athari za kemia. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, lakini mnyororo ulionyooka haufanyi kazi yoyote. Sharti ujikunje katika umbo maalumu, na katika umbo hilo pawepo na upenyo mdogo ambamo vikundi vichache vya atomi, vilivyokuwa mbalimbali katika mnyororo, vimeletwa pamoja. Kilemba kikifunguliwa, kitambaa ni kile kile na nyuzi hazikupungua hata moja, lakini kilemba hakipo tena. Ndivyo ilivyo protini iliyokunjuka. Vinavyoushikilia mkunjo huo ni vifungo dhaifu vya haidrojeni, mvutano wa chaji zinazopingana, mkusanyiko wa sehemu zinazoyaepuka maji, na katika baadhi ya protini vifungo vyenye nguvu zaidi baina ya atomi mbili za salfa. Kila hali ya kikemia hugusa kimoja au zaidi katika vishikilio hivyo, na kwa hiyo kila moja ina namna yake ya kuzuia na namna yake ya kuvunja.

Tuanze na asidi. Kipimo cha pH hupanda na kushuka kwa kuzidisha mara kumi, hata maji yenye pH 4 yana ayoni za haidrojeni mara mia kuliko yenye pH 6. Ayoni hizo hupandia juu ya vikundi vya protini na kuvibadilisha chaji. Badiliko likiwa dogo, umbo husalimika, ila vile vikundi vichache vya upenyoni huwa havina tena chaji ipasayo kwa kazi, na hapo kimeng'enya kimezuiwa tu. Likiwa kubwa, chaji za namna moja hulundikana pande zote za protini, zikasukumana, na umbo zima likafumuka.

Papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai bichi, yaonyesha jambo hili kwa uwazi. Mnyororo wa papaini una asidi amino 212, na kazi yote hushikwa na mbili kati yake: sisteini iliyo nafasi ya 25, yenye salfa, na histidini iliyo nafasi ya 159. Salfa ya sisteini sharti iwe imepoteza haidrojeni yake, na histidini sharti iwe imebeba ya kwake. Penye asidi kali ya kwanza hunyang'anywa hali hiyo, na penye alikali ya pili huipoteza, basi baina ya pH 4 na pH 8 hivi ndipo wawili hao wanapopatana. Ukiuchora utendaji wa papaini dhidi ya pH utapata mchoro mfano wa kilima, wenye miteremko miwili, na kila mteremko una sababu yake na kikundi chake.

Lakini papaini ina somo la pili lililo kubwa kuliko hilo la kwanza, nalo lahusu oksijeni. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza ng'ambo utomvu huo uliokaushwa, na wakulima wa zao hilo walijua, kabla ya muundo wa papaini kuchorwa mwaka 1968 na Jan Drenth na wenzake wa Groningen, kwamba utomvu usiguswe na chuma wala shaba, wala usiachwe juani siku nyingi, la sivyo hugeuka rangi na nguvu zake kupungua. Sababu ni ile salfa ya nafasi ya 25, ambayo huishika oksijeni na metali kwa upesi mno. Ikiungana na salfa nyingine ndogo iliyo karibu, papaini imezimika, lakini mtu akitia sisteini kidogo katika maji yake, kifungo kile hufunguka na nguvu zikarudi. Ikizidi kuungua kwa oksijeni hata salfa ikabeba atomi kadhaa za oksijeni, hakuna dawa ya kuirejesha. Wala zebaki, ambayo kwa viumbe wengi ni sumu ya kuua, haiivunji papaini: wakemia wamekwisha kutoa fuwele za papaini iliyofungwa na zebaki, kisha wakaiondoa zebaki hiyo, na kimeng'enya kikafanya kazi kama mwanzo. Hapa kuzuiwa na kuvunjika huonekana waziwazi katika atomi moja, na tafauti yao ni kiasi cha oksijeni tu.

Madini nayo si maadui siku zote, kwani vimeng'enya vingi haviwezi kitu bila ya hayo. Yureasi ya Sumner ilionekana mwaka 1975 kuwa ina nikeli, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa metali hiyo kujulikana kuwa ina kazi katika kimeng'enya. Kile cha chai, kinachounganisha oksijeni na viungo vichungu vya jani, hubeba shaba, na miche ya chai iliyokosa shaba katika udongo hutoa majani yasiyochachuka ipasavyo hata yakisagwa kwa ustadi. Kile kinachogeuza naitreti ndani ya mmea, ili naitrojeni ipate kuingia katika protini, chahitaji molibdeni kidogo sana. Na kwa kuwa udongo wenye asidi huishika molibdeni isifikie mizizi, mkulima anayetia chokaa katika shamba lake la maharage aweza kuwa amekipa uwezo kimeng'enya ambacho hajakigusa wala kukiona. Ndiyo maana ya kusema kwamba hali za udongo huwa, mwisho wa safari, hali za kimeng'enya.

Kalisi ina kazi ya namna nyingine, kwani haishiriki katika tendo lenyewe bali hulishikilia umbo. Katika kimea mna vimeng'enya viwili vya kuvunja wanga: alfa amilasi, inayoukata mnyororo wa wanga popote katikati, na beta amilasi, inayouguguna kutoka mwisho. Ya kwanza hubeba kalisi, na kwa msaada wake huvumilia joto la sentigredi 70 kwa robo saa, muda ambao huimaliza ya pili. Lakini katika asidi ya pH 3.3, hata penye baridi ya barafu, alfa huharibika kwa kuwa kalisi huitoka, na beta ikasalimika. Wakemia walitumia hitilafu hiyo kuzitenga hizo mbili zamani, kwa kuiua moja na kuiacha nyingine. Basi usemi wa jumla kwamba kimea hakipendi asidi, au hakipendi moto, hauna maana mpaka isemwe ni kimeng'enya kipi ndani ya kimea hicho.

Mapishi ya togwa, yajulikanayo katika sehemu nyingi za Tanzania, yamejengwa juu ya mpango huo bila ya kuutaja. Uji huivishwa kwanza kwa moto, ili chembe za wanga zifumuke na kumeza maji. Kisha huachwa upoe, kwani kimea kikitiwa katika uji unaochemka huvunjika papo hapo. Ndipo unga wa kimea cha ulezi hukorogwa ndani, na kwa muda mfupi uji mzito huwa mwepesi na mtamu. Baadaye bakteria wa asidi ya laktiki huugeuza utamu huo kuwa uchachu, pH ikashuka chini ya 4, na asidi iyo hiyo inayowakataza vijidudu wengi wa maradhi huwa imekisimamisha kimea pia. Kila hatua ni hali ya kikemia iliyowekwa mahali pake, na ukiipindua moja hupati togwa: ukianza na uchachu, kimea hakitafanya kazi, ukianza na kimea kabla ya moto, wanga haujafunguka.

Yaweza kudhaniwa kwamba mpango huu ni akili ya binadamu iliyopachikwa juu ya mmea usio na mpango, lakini jani lenyewe lina ustadi mkubwa kuliko kiwanda chochote. Rubisko, kimeng'enya kinachokamata hewa ya kaboni na kuiingiza katika sukari, hukaa ndani ya kloroplasti, na hakifanyi kazi mpaka molekuli moja ya kaboni dioksidi ijifunge kwenye lisini iliyo nafasi ya 201, na ayoni ya magnesi ije kuikalia. Jua linapochomoza, mwanga huzisukuma ayoni za haidrojeni ziingie katika vifuko vya ndani vya kloroplasti, hata pH ya sehemu kinamokaa rubisko hupanda kutoka 7 hivi mpaka karibu ya 8, na magnesi huhamia huko huko. Hali zote mbili ndizo zinazohitajiwa. Wakati huo huo, nguvu za elektroni zitokazo katika mwanga hufungua vifungo vya salfa katika vimeng'enya vingine vya njia hiyo, navyo vikaamka. Usiku unapoingia, vifungo hujifunga tena, vikalala. Mmea basi huutumia uzuizi, si uvunjaji, kuwa ndio utawala wake, na kila jambo ambalo papaini hulipata kwa ajali, yaani salfa kufungwa na kufunguliwa, jani hulifanya kwa makusudi kila alfajiri na kila magharibi.

Utawala huo una njia nyingine, nayo ni mipaka. Mikoko ya Lamu na ya delta ya Rufiji husimama katika maji ya bahari yenye chumvi kiasi cha gramu 35 katika lita, na mtu angetarajia kukuta ndani yake vimeng'enya vilivyozoea chumvi, kama walivyo navyo baadhi ya vijidudu waishio katika maziwa ya chumvi. Sivyo. Mwaka 1972 Greenway na Osmond walilinganisha vimeng'enya vya maharage na vya mimea ipendayo chumvi, wakaona kwamba katika chupa chumvi huvidhoofisha vyote kwa kadiri inayokaribiana. Mimea hiyo haikukibadilisha kimeng'enya, ila imeilinda hali inayokizunguka: chumvi hufungiwa katika kifuko kikubwa cha maji kilicho katikati ya seli, na mahali penye vimeng'enya hujazwa vitu laini visivyovunja umbo la protini. Mchu, ambao majani yake huitoa nje chumvi hata ikaonekana juu yake kwa chembe nyeupe, hukusanya kitu kimojawapo katika hivyo, kiitwacho glisini betaini. Somo lake kwa mchambuzi ni la kumfanya awe na hadhari: namba iliyopimwa katika chupa ya maabara hueleza tabia ya kimeng'enya, lakini haielezi hali halisi kinamoishi, na aliyeitegemea namba hiyo peke yake angelazimika kusema kwamba mchu hauwezi kuishi pwani.

Mipaka hiyo hiyo ndiyo ufunguo wa muhogo, na hapa yafaa kukaa kitako, kwa sababu ndipo ilimu hii inapogusa uhai wa watu. Katika seli ya muhogo, hasa ule mchungu, mna linamarini, kiungo cha sukari kilichofunga sianidi, nacho hukaa katika kifuko cha ndani. Kimeng'enya cha kukivunja, linamarasi, hukaa nje, katika ukuta wa seli. Maadamu mmea u mzima hao wawili hawaonani. Mdudu akiuma, au mchi ukitwanga, mpaka hubomoka, linamarasi huiondoa sukari, na kinachobaki ni sianohidrini, ambayo nayo hufumuka na kutoa sianidi. Sianidi hiyo huchemka kwenye sentigredi 26 hivi, basi penye hewa na joto la kwetu hutoroka yenyewe. Kwa mmea, hiyo ni silaha. Kwa mpishi anayejua, ndiyo njia ya kuiondoa sumu, kwani sumu iliyokwisha kutoka haimdhuru mlaji.

Sasa mtu achukue muhogo mchungu, aukate vipande vikubwa, autie katika maji yanayochemka. Moto utafika ndani ya kipande, na huko utaivunja linamarasi upesi. Lakini linamarini yenyewe huuvumilia moto, na isipokuwa ile inayoyeyukia katika maji yatakayomwagwa, hubaki katika chakula na kuingia tumboni. Mpishi ameua kimeng'enya akidhani ameua sumu. Hapa ndipo swali la wakati linapokuwa swali la afya: uharibifu ambao katika chai ya kijani ni ufundi, katika muhogo mchungu ni hatari. Kinyume chake ni kisamvu, ambacho kina linamarini nyingi, na desturi yetu ni kukitwanga kinuni kabla ya kukiinjika. Kinu hukifungua kila chumba cha jani na kuwakutanisha wawili wale walipokuwa bado wazima. Moto, ukija baadaye, huifukuza sianidi iliyokwisha kufunguliwa. Desturi ya bibi zetu imeweka kinu mbele na chungu nyuma, na kemia haina la kuongeza isipokuwa kueleza kwa nini.

Asidi nayo ina nafasi yake katika jambo hili, na ni nafasi yenye nyuso mbili. Linamarasi hufanya kazi vizuri karibu ya pH 6, na sianohidrini hufumuka yenyewe pH ikiwa juu ya 5. Muhogo ukivundikwa majini kwa siku tatu hivi, vijidudu hulainisha kuta za seli na kuvifungua vyumba, jambo ambalo ni la faida kubwa. Lakini vijidudu hao hao huleta uchachu, na uchachu ukiteremka mno kimeng'enya huzuiwa na sianohidrini hukwama isifumuke. Ndiyo maana kuvundika peke yake hakutoshi, na kukausha juani baada yake, ambako huondoa mabaki, si pambo bali ni sehemu ya kazi.

Hali ya mwisho ni maji, ambayo watu husahau kuyahesabu katika kemia. Makopa yaliyokatwa na kuanikwa juani mara moja, bila ya kuvundikwa, hukauka kabla linamarasi haijamaliza kazi, na unga wake hubakiwa na linamarini. Katika miaka ya ukame, njaa inapowafanya watu wafupishe matayarisho na kula muhogo mchungu karibu peke yake, huzuka konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na kwa kudumu; ulielezwa na Trolli katika Kongo mwaka 1938, ukazuka kwa ukubwa katika jimbo la Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tanzania pia uliwapata watu wa Tarime katika miaka ya 1980. Unga huo mkavu ulichukuliwa kuwa jambo lililokwisha, mpaka Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alipozingatia kwamba ukavu hauivunji linamarasi, bali huizuia tu. Akashauri unga utiwe maji, utandazwe kwa tabaka jembamba, uachwe saa mbili juani au saa tano kivulini kabla ya kupikwa. Na kimeng'enya kilichokuwa kimelala tangu siku ya kuanikwa huamka, kikaimalizia kazi yake, na sianidi ikatoka hewani. Njia hiyo imetumika katika vijiji vya Kongo vilivyosumbuliwa na konzo. Haikuhitaji mashine wala dawa. Ilihitaji mtu mmoja atenganishe kuzuiwa na kuvunjika.

Tukiyakusanya yote, twaona kwamba nguvu ya kimeng'enya haimo ndani yake peke yake, bali ni mapatano baina ya umbo lake na hali zinazolizunguka, na mapatano hayo yaweza kusitishwa au kuvunjwa. Pia twaona kwamba mmea wenyewe hupendelea kusitisha: hufunga salfa na kuifungua, hupandisha pH na kuishusha, hutenga vyumba. Ni sisi, kwa moto na asidi kali, tunaovunja, na kuvunja si kosa maadamu kazi imekwisha au haitakiwi. Kwa hiyo maelekezo yoyote ya kusindika mazao, yawe ya kiwandani au ya kliniki ya akina mama, yasitosheke kusema pika vizuri, kausha vizuri, au vundika vizuri. Yataje kwanza ni kimeng'enya kipi kinachokusudiwa, kisha yaseme kama chatakiwa kifanye kazi au kisifanye, na mwisho yapange hatua kwa zamu yake: kutwanga kabla ya moto kwa kisamvu, moto kabla ya kusaga kwa chai ya kijani, kupoa kabla ya kimea kwa togwa, na maji kabla ya sufuria kwa unga wa muhogo mchungu. Elekezo lililoacha zamu hiyo ni nusu ya elekezo, na kwa mlaji wa muhogo mchungu katika mwaka wa njaa, nusu hiyo haimkingi na konzo.